Jina la Babu Kwenye Hitima

Jumapili, 27 Machi 1955

Leo nyumba haikukalika. Chanzo ni hitima. Kila mwaka, Alhamisi ya mwisho kabla ya mfungo, Baba huita watu hapa Temeke, Kurani inasomwa, na marehemu wetu wanatajwa kwa majina. Wote isipokuwa mmoja — baba yake Baba. Babu Kondo, ambaye mimi nimerithi jina lake. Alikwenda vita vya Maji Maji pamoja na shemeji zake wawili, Mwishehe na Kibwana, kaka zake Bibi. Wale kaka walikufa, hilo linajulikana. Yeye hakuna ajuaye. Baba alikuwa bado tumboni.

Sasa Baba, fundi mwashi mwenye ndevu nyeupe, aliyetaka hivyo hivyo mwaka jana akashindwa, kasema mwaka huu baba yake atasomewa, basi. Miaka hamsini, nani wa kurudi? Bibi Tabu alikuwa anapeta mchele. Hakuinua hata uso.

"Nani kakuonyesha kaburi, Mfaume? Siku utakayomsomea mume wangu bila kaburi, na mie uniandike hapo hapo chini yake."

Bibi hajawahi kumkalia eda. Hakuolewa tena. Walikuja waposaji, hata mwenye shamba la minazi — wote walinyweshwa maji wakaenda zao.

Na mimi, mdomo wangu huu! Nikasema nitaleta habari kabla ya hitima, tarehe 21 Aprili. Kaburi au mtu. Baba akacheka. Bibi hakucheka. Aliniangalia mpaka nikaona haya, maana maneno haya haya nilimwambia Idi ya Hija iliyopita, halafu nikanunua baiskeli nikasahau.

Jumatano, 30 Machi

Wazee wa huku ukiwauliza vita ya Mjerumani wanakuuliza bei ya nazi. Watatu mpaka sasa. Mmoja kataka kujua kama nimetumwa na serikali. Mimi! Karani wa ghala la katani, natumwa chai tu. Vijana wenzangu kazini wana kadi za chama, uhuru mdomoni kutwa. Nikawauliza babu zao walikuwa wapi mwaka wa Maji Maji. Mmoja kasema atauliza kwao. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo.

Mvua. Baiskeli imejaa tope mpaka kwenye kengele.

Jumamosi, 2 Aprili

Nimepata mtu! Mzee Mwinjuma, msuka majamvi wa Mtoni. Mguu mmoja anaukokota. Nikampa shikamoo, nikamtajia jina langu, akaacha kusuka. Akataka nilirudie. Nikalirudia. Akaniambia nikae, lakini nisiandike kitu mbele yake. Naandika sasa, nyumbani.

Anasema walikuwa pamoja. Na kwamba Babu hakuwa mpiganaji tu, ndiye aliyeleta dawa kijijini kwao. Aliifuata safari ya siku tisa, akarudi nayo kwenye kibuyu, akawagawia vijana. Kila mmoja alivaa kipande cha mwanzi shingoni, maji ndani. Aliwaambia risasi zitageuka maji. Aliwaambia kwa sababu aliamini, Mzee Mwinjuma alilirudia hilo mara mbili. Kule kwenye vilima vya Kisarawe, shemeji zake walitangulia mbele kuliko wote. Bunduki ilipowaangusha, Babu alibaki amesimama wima, mikono mitupu, akingoja ya kwake. Haikuja. Wakamkamata, akafungwa mnyororo na kupelekwa kwenye kazi ya reli.

Nikauliza, alifia huko?

"Hakufa," akasema. "Alifunguliwa. Nilimwambia twende kwa mkeo. Akaniambia, nitamtazamaje Tabu usoni, na kaka zake nimewaua mie? Akashika njia ya Kibamba."

Kibamba! Si Songea, si Ulaya. Kibamba, lori linafika!

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hakuja kumwambia Bibi. Akasema alimwapia Babu kwamba hatasema. Akairudisha mikono kwenye jamvi.

Jumanne, 5 Aprili

Sijamwambia mtu. Kama yu hai! Ana miaka sabini na kidogo, wapo wazee wa themanini wanapanda minazi. Bosi kanikuta nimeandika "Kibamba" kwenye fomu ya mizigo, mahali pa jina la meli.

Ijumaa, 8 Aprili

Ijumaa Kuu, ofisi imefungwa. Nimeondoka na lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu. Tumekwama mara mbili Barabara ya Morogoro, tumelisukuma. Nimefika kwa Babu kama mtu aliyefukuliwa.

Nimechelewa.

Nyumba ya udongo, mikorosho nyuma. Mwanamke wa miaka arobaini hivi anamenya mihogo. Nikauliza kama hapa ndipo kwa Mzee Kondo. Akasema ndipo, lakini mwenyewe hayupo, Mungu kamchukua. Lini? Tarehe kumi ya mfungo nane, siku ya Jumatano. Nikahesabu kwa vidole, Januari tano. Miezi mitatu! Ile Idi niliponunua baiskeli alikuwa hai. Angenifungulia mlango mwenyewe. Sina la kujitetea.

Mwanamke akaniuliza mimi nani. Nikamwambia mimi ni Kondo, mwana wa Mfaume, wa Bibi Tabu. Kisu kikamwanguka. Anaitwa Chausiku. Ni shangazi yangu! Akamwita kaka yake aliyekuwa shambani: "Mwishehe! Mwishehe, njoo!" Jina la kaka yake Bibi! Alikuwapo na mwingine, Kibwana, alikufa mdogo. Babu aliwapa wanawe majina ya shemeji zake.

Mama yao alifariki zamani, mwaka wa njaa. Shangazi anasema tangu utotoni waliambiwa wana mama mwingine Temeke, na kaka ambaye baba yao hajamwona. Kwa nini hawakuja? Baba yao alikataza. Alipokufa waliogopa kufukuzwa.

Kaburi liko chini ya mkorosho wa pili, limepaliwa vizuri. Nikasoma Fatiha, nikalia kwa sauti. Shangazi kanifunga mihogo mingi, sikuweza kukataa.

Jumapili, 10 Aprili

Nimemwambia Baba kwanza. Nilidhani atafurahi kupata ndugu. Alisikiliza yote, kisha akasema kwa utaratibu sana kwamba siku anatahiriwa alishikwa na jirani, na siku anaoa alisimamiwa na jirani, na baba yake alikuwa mwendo wa siku moja. Akatoka nje kwenye mvua.

Aliporudi akaamua. Bibi aambiwe kafa, basi. Hakuna Kibamba, hakuna mke mwingine, hakuna watoto. Tusome jina, yaishe. Nikasema Bibi atauliza kafa lini. Akasema, vitani.

Ningemdanganyaje bibi yule?

Jumanne, 12 Aprili

Nimemwambia. Yote. Baba alikuwa kazini, nami ofisini nimesema naumwa tumbo.

Bibi alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi, nazi mkononi. Nilipofika kwenye tarehe alinizuia, akataka niirudie. Halafu akacheka. Wallahi, alicheka! Akasema kumbe mwaka jana Mfaume alipotaka kumsomea, mwenzake anakula mihogo Kibamba. Akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea peke yake.

Nikaona heri nimalize. Nikamwambia kwa nini hakurudi. Dawa, kibuyu, kaka zake. Nilikuwa natazama chini. Bibi akaiweka nazi chini.

"Ile mianzi nani aliikata?" akaniuliza. "Mie. Nikaitoboa, nikawafunga kaka zangu shingoni kwa mikono hii. Miaka yote nadhani kanikimbia kwa hilo. Mjinga yule. Si angekuja tukalia wote?"

Akaniambia nikamwite mwalimu wa madrasa. Sasa hivi.

Jumatano, 13 Aprili

Mwalimu kaja baada ya alasiri. Bibi ana swali moja tu, je, ana eda? Baba, aliyekuwa amefura kama andazi, akasema eda gani, mtu kakutupa miaka hamsini! Mwalimu akauliza kama talaka ilitolewa. Haikutolewa. Aliomba kuachwa kwa kadhi? Hakuomba. Basi ni mkewe. Eda inahesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kusikia. Akahesabu kwenye tasbihi, miezi minne na siku kumi, inaisha ishirini ya Ramadhani. Bado mwezi na siku moja.

"Alhamdulillahi," akasema Bibi. Kama mtu aliyeambiwa kapata kiwanja.

Jioni kavua kanga ya rangi, kavaa nyeupe, kaingia chumba cha uani, pazia likashushwa. Wanawake wa mtaa mzima wamekuja. Wengine wamekuja kucheka, bibi kizee mwenye eda ya mtu asiyeonekana tangu Mjerumani. Wametoka wanafuta macho. Nadhani anawasimulia habari za Babu. Sie hajatusimulia hata siku moja.

Jumamosi, 16 Aprili

Bibi kanituma kwa sauti nyuma ya pazia. Wale watoto wa Kibamba waje kwenye hitima ya baba yao. Nimepeleka salamu kwa dereva wa lori la mkaa. Baba kasikia. Anapiga plasta ukuta wa choo ambao hauna tatizo lolote.

Jumanne, 19 Aprili

Nimemsomea Baba orodha ya majina ili nijue kama nimesahau mtu. Nilipofika kwa Babu alitema mate pembeni, lakini hakuniambia nifute.

Alhamisi, 21 Aprili

Naandika nyuma ya jiko, haraka, moshi machoni, jamvi nalichungulia kutoka hapa. Mambo bado yanaendelea.

Wamekuja! Shangazi na Baba mdogo Mwishehe, na gunia la korosho, na koti la kuazima. Lori liliwashusha Kurani imeshaanza. Shangazi kapitishwa uani moja kwa moja kwa Bibi, na sijui wanaambiana nini humo, nasikia sauti mbili zikipishana bila kupumzika. Mwishehe kakaa mwisho wa jamvi, karibu na viatu vya watu. Baba hakugeuza shingo.

Mwalimu kasoma majina. Alipofika kwa Kondo watu wote waliitikia, na uani wakaitikia, na sauti ya Bibi niliitambua juu ya zote. Nilimtazama Baba. Midomo yake ilicheza.

Sasa masinia yametoka. Baba, kama mwenyeji, anapita na birika na beseni kuwanawisha watu mikono. Safu ya kwanza kamaliza. Ya pili kamaliza. Mwaka jana aliponifikia mimi alinipokeza birika, kachoka mgongo. Leo nimenyoosha mkono nilipokee, kanikatalia.

Kafika mwisho wa jamvi. Kasimama. Mwishehe kakunja mkono wa koti la watu, kanyoosha viganja. Baba bado kasimama, birika limeinama kidogo.