Weusi Niliousugua

Iringa, 14 Julai 1976. Asubuhi baridi kali, upepo mkavu.

Mdogo wangu Atupele,

Nimefika salama. Jana nilifungua sanduku la marehemu kaka hapa shuleni alikofundisha. Ile mashine ndogo aliyomwahidi mama, ya kutoa umeme kwenye spiriti bila moto, nimeikuta. Kibati chake kilikuwa cheusi tii. Niliona aibu kumpelekea mama kitu kichafu, nikakisugua kwa jivu na mchanga kama tunavyosugua sufuria, hadi kikang'aa.

Jioni mwalimu aliyefundisha na kaka alikuja kunionyesha inavyofanya kazi. Akamimina spiriti. Mshale wa mita ya umeme ulitikisika kidogo, ukalala. Akakichungulia kibati.

"Dada, ule weusi uko wapi?"

"Nimeutoa. Si masizi?"

"Masizi! Ile ndiyo madini ya platini yenyewe, dada, chembe ndogo mno. Hizo ndizo zinazoila spiriti na kutoa umeme. Kibati kikiwa laini hivi hakina nguvu." Alitaka kucheka, akaniona uso, akaacha.

"Huwezi kuipaka tena?"

"Dawa imekwisha. Na aliyejua kipimo chake ni marehemu tu."

Nitaileta hivyo hivyo. Mama akiuliza kama inafanya kazi, usimjibu. Nitamwambia mwenyewe, maana mikono ni yangu. Mfunike miguu vizuri, baridi ya huko nyumbani Ilomba naijua. Nawapenda wote wawili.

Usiku wa kuamkia leo usingizi ulinijia saa tisa na nusu.

Dada yako, Tumaini