Mama, Achari Hukuihesabu

Mpendwa mama,

Wamenileta chumbani kwako, kile cha ndani chenye vidaka ukutani, nikae arubaini yangu ya uzazi humu. Kitanda ni kile kile chako. Asubuhi hii jirani yako Bi Zena ameniletea bakuli la uji, samli imeelea juu, akasimama mlangoni kuhakikisha naumaliza. Nimeumaliza. Mzazi hana kauli katika mji wetu huu wa Amu, wayajua hayo kuliko mimi. Lakini kunilisha uji huu ilikuwa kazi yako. Uliniahidi.

Nakumbuka ulivyokuwa ukila mkate. Mofa ikitoka motoni hukuingoja ipoe. Ulichota samli kwa vidole, ukaipaka mpaka pembeni, ukanyunyiza sukari, ndipo ukatukumbuka sisi. Siku za Idi baba alikuletea siagi ya kopo na jamu nyekundu, nawe ukavipaka vyote viwili juu ya kipande kimoja, ukasema anayevitenganisha ana uchoyo. Ulikuwa mnene, mama, na unene ulikupendeza. Bangili zilikukaza mikononi. Ukipita kichochoroni na buibui lako, wenye punda waliwabana punda wao ukutani wakakupisha, na baba akisikia watu wakikusifu alijifanya hakusikia, kumbe anaona fahari.

Kisha ngazi zikaanza kukushinda. Mimi nilikuwa na mimba changa, wewe ukawa unapumzika katikati ya ngazi kama mgeni asiyejua aendako. Baba akakupeleka hospitali. Daktari alisema moyo wako umechoka kuubeba mwili wako, upunguze samli, nazi na sukari, ukonde. Uliporudi ulikaa kitako kwenye baraza ya ndani, hukuvua hata buibui, ukaniambia, "Nikikonda, takulea mimi wewe na mwanao. Nisipokonda, utalelewa na Zena." Tukacheka sana, kwa kuwa Bi Zena hajawahi kupika wali usiungue.

Ulikonda kwa bidii, na bidii yako yote ilikuwa katika vitoweleo. Wengine wangejinyima tu wakanuna. Wewe uliloweka ukwaju, ukauchuja, ukautia pilipili na kitunguu saumu. Ulichoma nyanya juu ya makaa ukaziponda, ukazipaka juu ya mofa mahali pa samli. Mtindi uliuengua mafuta yote, ukabaki mwepesi na mchachu, ukaunywa huku umefumba macho. Mchuzi wa nazi ukatutengea sisi, wewe ukala samaki wa kuchoma. Niliona fahari juu yako, mama. Lakini ulimi wako ulizoea raha, na nyanya peke yake haikuutosha.

Hapo ndipo ulipoishika achari. Ndimu ulizipasua mara nne bila kuzitenganisha, ukazishindilia chumvi mpaka zikafura, ukaziweka juani kwenye sakafu ya juu hadi ngozi zikalainika. "Hii haina hata tone la mafuta," ulisema, nami nikakubali, maana ni kweli haikuwa nalo. Ukala achari na wali, na samaki, ukaiponda ukaipaka kwenye mkate. Mwishowe ulikuwa ukilamba hata maji yake kwenye kijiko.

Buibui likaanza kukupwaya. Bangili zikashuka mpaka viganjani, ukawa unazirudisha kwa kutikisa mkono. Na mji, kama ilivyo desturi yake, haukukuacha. Bi Zena alipanda ngazi akakukagua toka yuu hadi tini, akauliza, "Bi Maryamu, kwani kuna nini humu ndani? Mume hakulishi?" Baba alikuwa chumba cha pili na alisikia. Siku ile hakutoka kwenda barazani kwa wenzake. Na sahani zikaanza kuja, zimefunikwa kwa kawa, wali wa nazi, mahamri, halua, kutoka kila nyumba iliyotuonea huruma. Kuirudisha sahani ya jirani na chakula chake ni matusi, kuirudisha tupu ni aibu. Kwa hiyo sisi tulikula vya ndani, nawe ukazirudisha na achari yako. Mtaa mzima ukaisifu.

Siku moja viatu vyako vikakataa kuingia. Uso ukarudi mviringo, bangili zikakaza tena. Bi Zena alipokuona alipiga kigelegele pale pale kwenye ngazi. "Alhamdulillahi! Sasa huyu ndiye Maryamu wetu!" Baba akatoka kwenda barazani mapema kuliko siku zote, akakaa mbele ya watu. Wewe ukaniita chumbani, ukanyoosha mguu, ukaubonyeza kwa kidole gumba juu ya muundi. Shimo likabaki pale pale. "Ndoo hapa utazame," ukasema, "mguu umekuwa unga wa mahamri." Tukacheka, mama. Ukanifanya nami ninyooshe wangu tupimane.

Daktari hakucheka. Alibonyeza kama ulivyobonyeza, akalitazama shimo, akakulaza. Akakuuliza unakula nini. Wali mkavu, ukamwambia, samaki wa kuchoma, mtindi. Hakuna kingine? Hakuna. Wala hukusema uongo. Nani Amu nzima anayehesabu achari kuwa chakula? Achari huwekwa mkekani kama maji ya kunawia yawekwavyo, hakuna anayeulizwa kama ameila. Nilipokuletea chakula cha mchana wodini ndipo daktari alipoona bakuli dogo pembeni, akalinusa, akauliza unakula kiasi gani. Alitueleza polepole, bila ukali. Chumvi inazuia maji mwilini, na moyo uliochoka hauwezi kuyasukuma. Ulimtazama, ukalitazama bakuli, ukasema, "Hii? Hii ni achari tu, bwana."

Baada ya siku ile ulikula chakula kisicho na ladha yoyote na hukulalamika. Uliniuliza tu kila nilipokuja, mtoto anacheza? Ukaweka mkono tumboni kwangu, mkono uliovimba mpaka bangili zikakatwa kwa koleo. Mtoto alicheza. Wewe hukumngoja.

Nina hasira, mama, na sina wa kumkasirikia. Daktari aliuliza. Wewe ulijibu. Bi Zena alifurahi kwa moyo safi, na leo ndiye anayeniogesha, ananikanda mgongo kwa mikono yake migumu na kulia akidhani simwoni. Baba haendi tena barazani. Chupa yako ya mwisho bado iko juu, ndimu zimekuwa nyeusi, na hakuna anayethubutu kuzila wala kuzitupa.

Mtoto ni msichana. Tumemwita Maryamu. Leo baada ya uji Bi Zena alimfungua nguo, akamwinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mashallah, tazama miguu ilivyonona!" Nikangoja atoke na bakuli lake. Kisha nikamlaza mtoto mapajani, nikaubonyeza muundi wake kwa kidole gumba, taratibu. Nyama ikarudi. Nikabonyeza mguu wa pili, nao ukarudi, na Maryamu akanipiga teke.

Miguu yangu mwenyewe imevimba kidogo tangu nijifungue. Bi Zena asema ni uzazi, itapungua. Huenda. Yangu sijaibonyeza, mama. Naogopa kuitazama peke yangu, na wa kucheka naye hayupo.

Mungu aufanye mwepesi mwili wako huko uliko.

Mwanao, mama yake Maryamu mdogo