Makabati Yaliyopakwa Vidange

Jumamosi. Mvua imepiga asubuhi yote, kisha jua likatoka, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Basi naiandika hapa.

Wiki iliyopita fundi wa huko Shari aliniletea makabati ya jikoni, mbao mpya, rangi ya maandazi. Nilishanunua na rangi nyeupe ya kuyapaka. Nikaenda sokoni Nyakasanza kuuza vitenge vyangu, na jioni niliporudi nikayakuta meusi tii.

Mama mkwe alikuwa ameyapaka vidange.

Vidange ni yale mafuta machafu yanayotolewa kwenye injini ya gari. Huku kwetu tunapaka nguzo na mbao za paa, maana bila hayo mchwa hawabakishi kitu. Lakini makabati ya vyombo, jamani! Alisimama pale na kitambaa mkononi, amechafuka mpaka kwenye viwiko, anatabasamu. "Sasa muchwa itakula nini?" Alikuwa amenipa zawadi. Nikasema aksanti sana, Mama, nikaenda kulia chooni. Afadhali ndani hakugusa.

Nilijaribu kupaka rangi yangu hivyo hivyo. Ikateleza yote, ikachuruzika mpaka sakafuni. Basi, nikasema, yabaki meusi, mwanga nitautafuta kwingine.

Na mwanga ndiyo shida yenyewe, kwa sababu jiko letu halina dirisha.

Lilikuwa nalo, linatazama barabara. Mama mkwe alipokimbia vita huko Gety akaja kukaa kwetu, hakuweza kuingia jikoni. Kwake risasi ilipitia dirishani ikatoboa sufuria aliyokuwa ameishika. Mume wangu akaziba dirisha letu kwa matofali, na hapo ndipo mama yake akaanza kupika na sisi. Sasa mimi ni mke wa mwanawe. Nimwambie bokilo, mkwe wangu huyu, aache woga ili nipate jiko zuri? Mdomo huo sina. Na milio ya risasi yenyewe bado tunaisikia siku nyingine, huko mbali.

Kwa hiyo wiki nzima nimehangaika na chokaa. Kuta zote nne nyeupe pe! Sufuria nimezisugua kwa majivu na mchanga, nikazitundika kuelekea mlango. Juu ya makabati nimesimamisha sahani nyeupe za bati, na kumbe juu ya weusi ule zinang'aa kuliko ambavyo zingeng'aa juu ya mbao yoyote. Mlangoni nikaweka pazia la kitenge cha njano ambacho wateja wote walikikataa. Jana mume wangu akatoa bati moja la paa, akaweka lile la plastiki linalopitisha mwanga.

Nakiri, sasa nayapenda makabati yangu.

Leo jua lilipotoka, mwanga ukashuka kutoka kwenye lile bati, ukakaa sakafuni kama mkeka mdogo. Mama mkwe akaweka kiti chake humo, akaanza kuchagua maharagwe. Mwanga ukasogea, naye akasogeza kiti. Ukasogea tena, akaufuata tena. Mwisho alikuwa amebanwa kwenye kabati, magoti yamekunjwa, ungo umeinama, na mwanga ukapanda ukutani ukamwacha.

"Jua yako iko nakimbia, mama Neema," akasema. Tulicheka mpaka maharagwe yakamwagika.

Kisha akaweka ungo chini. Akaokota kipande cha makala, mkaa uliopoa, kando ya mbabula tunayopikia, akaenda mpaka lilipokuwa dirisha, akasimama wima mgongo ukutani kama mtoto anayepimwa urefu, akachora mstari juu ya kichwa chake. Kwenye chokaa yangu!

"Kuya na weye."

Nikapimwa. Mume wangu akaitwa kutoka nje, naye akapimwa, amekunja shingo, anaona aibu. Mstari wake ndio uliokuwa juu kabisa, na juu yake ilibaki safu moja ya matofali. Mama mkwe akaigusa kwa vidole vyake vyeusi.

"Yenye iko juu ya kichwa ya papa Neema, mutoe. Ya chini, bado."

Mume wangu akageuka akatazama mlangoni. Mimi nililia palepale, mbele ya watu, sikwenda popote.

Nyundo tumeshaazima kwa jirani. Kesho tukitoka kanisani tunabomoa safu moja, na mama mkwe ameshahamisha kiti chake, anangoja.

Ile mistari ya makala sitaipaka chokaa. Wa chini kabisa ni wake. Hakusema hapana, amesema bado, na mimi nitangoja naye mpaka tushuke hapo.