Uzi wa Kijani na Manjano Kwenye Kufuli la Mashine

Alhamisi jioni, likizo ya Agosti 1986. Voi.

Upepo tangu asubuhi. Vumbi jekundu limeingia mpaka katikati ya kurasa zako, daftari langu, na nikilipangusa linazidi kupakaa. Basi likae. Leo sina hamu ya kusafisha kitu, na sina hamu kabisa ya kitu chenye mlango.

Siku tatu! Siku tatu za likizo yangu zimeliwa na mashine ya kufulia nguo.

Nieleze vizuri, kwa sababu nikija kusoma haya nikiwa mzee nitafikiri nilikuwa na homa. Mama ni dobi kwenye hoteli ya watalii. Miaka yote amefua shuka za wageni kwa mikono, kwenye karo ya saruji nyuma ya jiko, yeye na Mama Mghoi. Mwezi wa sita hoteli ikaletewa mashine yenye mlango wa kioo cha mviringo mbele, na meneja akamchagua Mama aiendeshe. Akampa na aproni mpya nyeupe. Mama alifurahi vile sijawahi kumwona. Akaniambia nifume kitambaa cha kuifunika, kama tunavyofunika redio na viti na kila kitu cha maana hapa nyumbani. Nilikifuma wiki mbili, maua matupu, uzi wa kijani na wa manjano nimeusokota pamoja.

Meneja alipokiona alisema, "Mama Wakio, hii ni mashine, si sofa. Toa hilo pambo."

Mama akatoa. Meneja alipoondoka, akarudisha.

Jumanne mashine ikasimama katikati ya kazi. Taa inawaka, pipa la ndani halizunguki, mlango haufunguki. Ndani mna shuka kumi na mbili zimelala kwenye maji mekundu ya vumbi la mbugani. Mama Mghoi akapaza sauti kutoka kwenye karo yake: "Si nilikwambia hiyo kitu ni chatu? Imemeza, sasa ngoja itapike!"

Meneja akamwita Fundi Salim, yule wa redio karibu na stesheni. Redio anazijua. Mashine ya kufulia hakuwa ameiona maishani, lakini atakubali kusema hivyo? Alikigonga kile kioo kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa, akauliza, "Haya basi, kijitabu chake ki wapi?"

Kijitabu ni Kiingereza kitupu. Hapo ndipo Mama aliponitaja mimi. "Wakio wangu yuko kidato cha pili. Atawasomea."

Mimi! Mimi ambaye mwalimu akiniuliza jina langu sauti inapotea. Kiingereza changu kinakaa kwenye karatasi, njia ya mdomoni hakiijui. Kiswahili pia, mbele ya watu wazima, ni hivyo hivyo.

Na kulikuwa na jambo lingine. Jumanne ile ile jioni nilikikuta kitambaa changu kikapuni mwa Mama, kimekunjwa kunjwa. Nikakikunjua. Kwenye kona moja ua zima halipo, limekatika, nyuzi zinaning'inia. Mama alisema kilinasa mahali fulani mashine ilipokwama, akakivuta haraka kabla meneja hajafika. Kwake hadithi iliishia hapo.

Kwangu haikuisha. Nilianza kujua, nikajizuia nisimalize kujua.

Jana, Jumatano, Fundi aliyamwaga maji kwa bomba la chini, akapima injini, akapima kila alichoweza kugusa, kisha akaniambia nisome ukurasa wa kufuli la mlango. Nikatafsiri polepole, macho chini. Mlango ukifungwa, ulimi wake unaingia kwenye tundu na kubonyeza swichi ndogo. Swichi ikibonyezwa vizuri ndipo kufuli linapopitisha umeme kwenda kwenye injini. Ulimi usipofika mwisho, mashine hudhani mlango uko wazi, inagoma.

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa herufi nzito. Unakataza kuweka kitambaa juu ya mashine au kukiacha kining'inie karibu na mlango.

Nikauruka.

Macho yaliuona, mdomo ukaupita. "Umemaliza, mwanangu?" Fundi akauliza. Nikasema nimemaliza. Mama alikuwa ananitazama kwa majivuno, na nilitamani kuingia ndani ya pipa nikae na zile shuka.

Wewe nikwambie ukweli. Sikuuruka kwa ajili ya Mama. Kitambaa ni changu, na kama ningesema, wote wangenigeukia, wangeniuliza, ningelazimika kuendelea kuongea. Ni hilo tu. Kuongea.

Leo sasa. Fundi amefungua mfuniko wa juu, akaingiza mita yake ya kupimia umeme nyuma ya kufuli. "Umeme waingia," akasema, "lakini hautoki. Ugonjwa u hapa hapa." Alikuwa sahihi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na sijui kwa nini hilo liliniudhi zaidi. Akawasha tochi. "Ahaa! Tazameni! Kijani na manjano. Hizo ni rangi za waya wa ardhini, umekatwa!"

Akaugusa uzi wangu kwa mita. Uzi! Akasubiri. Akaugusa tena, akatikisa kichwa kama aliyefiwa. "Umekufa kabisa."

Meneja akaitwa. "Waya haijikati yenyewe," akasema. "Mama Wakio, uliingiza nini humo, kisu?"

"Sikugusa waya yoyote, bwana."

"Basi kutoka kesho rudi kwa karo. Nitaleta kijana wa Mombasa aliyesomea mashine."

Mama Mghoi, ambaye hana jambo asilolifanyia mzaha, safari hii aliweka sabuni chini. Hapo ndipo nilipoogopa. Mama alivua aproni, akaanza kuikunja pembe kwa pembe, taratibu, kama anavyokunja shuka za wageni.

"Si waya."

Nilisikia sauti kama ya kifaranga. Ilikuwa yangu.

"Nini?" meneja akauliza.

"Ni uzi. Ni wangu. Nimeufuma mimi."

Fundi akacheka. "Binti, mimi na waya tunajuana miaka ishirini."

"Waya una shaba ndani," nikasema. "Uvute."

Akauvuta. Ukanyumbuka, ukabaki manyoya vidoleni mwake.

Sindano yangu ya kufuma, ile yenye ndoano nchani, ilikuwa mfukoni tangu asubuhi. Kwa hiyo nilikuwa nimeamua, ila mdomo ndio ulichelewa. Fundi akachomoa plagi. Nikapanda juu ya kreti ya soda, yeye akanishikia tochi. Ua zima lilikuwa limejisokota kwenye ulimi wa mlango. Nilifumua fundo kwa fundo, nikisikia pumzi ya Mama nyuma yangu. Kisha, ta! Mlango ukafunguka wenyewe, na harufu ya siku tatu ikatupiga sote.

"Imetapika!" Mama Mghoi akapiga kelele.

"Mimi si nilisema ugonjwa u kwenye kufuli?" Fundi akawageukia wote. "Nilisema, sikusema?"

Meneja aliliangalia ua kiganjani mwangu, limelowa, limekuwa jekundu. Akamwangalia Mama. "Shuka zote zifuliwe upya kesho kabla ya saa nne," akasema. "Kwa mashine. Na nikiona kitambaa tena..." Mama akaikunjua aproni, akaivaa.

Tukaondoka kurudi nyumbani. Tulipofika kwenye reli, Mama akauliza bila kunitazama, "Ulijua tangu lini?"

"Leo," nikasema.

Leo! Baada ya yote hayo! Mdomo huu ukikaa kimya ni balaa, ukifunguka ni balaa. Nimechoka nao kuliko nilivyochoka na ile mashine.

Fundi amenipa kijitabu nikaandike ule ukurasa kwa Kiswahili, Mama aubandike ukutani pale kazini. Nimeuandika wote. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho kalamu ilisimama mpaka chai ikapoa. Kisha nikauandika, kwa herufi nzito kama ulivyo, na karatasi nimeiweka juu ya kikapu chake.

Mama akisoma kitu hukisoma mpaka chini. Kesho asubuhi akifika kwenye mstari huo atainua macho anitafute, na nitakuwa nimekaa hapa hapa. Akiniuliza tena, nitamwambia: tangu Jumanne.