Ndege Iliyoelekea Kulia

Tororo, 11 Februari 2024

Mjomba Ojiambo,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote: siijui sura ya mama yangu. Watu wakisema Taaka alikuwa hivi na vile, mimi naitikia kwa kichwa kama vile namkumbuka.

Nisamehe, nimekuandikia hilo kabla ya salamu. Habari za Busia? Mguu unaendeleaje, na sukari imeshuka? Aunti Phiona hajambo? Mimi ni mzima. Shuleni simu haziruhusiwi, ndiyo maana barua hii inakuja kwa mkono wa mama anayeleta samaki jikoni kwetu.

Mimi husaidia maktaba. Tumeletewa maboksi ya vitabu vya msaada, na humo kuna kimoja kikubwa, kizito, cha picha tupu: picha za studio za zamani kutoka nchi nyingi. Katika ukurasa mmoja kuna mwanamke amevaa koti la mistari, ameshika redio mkono wa kulia. Nyuma yake kuna pazia lililochorwa mwamba wa Tororo na ndege, pua ya ndege ikielekea kulia. Pazia hilo nalijua. Baba ana picha yake mwenyewe ukutani, amesimama mbele ya pazia hilo hilo, na koti ni hilo hilo. Chini ya picha wameandika "Mwanamke asiyejulikana, Uganda." Hacheki, lakini anakaribia kucheka.

Mjomba, ni yeye?

Mpwa wako,
Apendi Patricia


Busia, 3 Machi 2024

Mpwa wangu Apendi,

Pokea salamu zetu. Sisi tupo. Mguu bado unasumbua, kidole kimoja wamekiondoa, lakini chai nakunywa na maneno nasema. Aunti yako anauliza kama unakula vizuri au unakula vitabu.

Pazia ni langu, nililichora mwenyewe. Koti pia lilikuwa la studio, na redio, na saa ya mkononi iliyosimama. Mtu alikuja na shati la shambani akatoka bwana mkubwa. Kwa hiyo koti lisikudanganye, nusu ya Busia ililivaa.

Baadaye simu zikaja, kazi ikafa, nikaugua. Akapita mzungu mmoja ananunua filamu za zamani. Hakutaka bahasha nilizoziwekea, alitaka filamu tu. Nikampa gunia zima, bahasha zenye majina nikabaki nazo. Ya mama yako pia ninayo, tupu. Picha yake moja iliyokuwa imesafishwa tuliibandika kwenye msalaba wa kaburi kule Mella, chini ya nailoni, kama watu wanavyofanya. Jua liliila, hata mwaka haukuisha.

Sasa tazama hivi. Mama yako alikuwa mashoto. Kila mtu nilimshikisha redio mkono wa kulia. Yeye nilimwambia, "We Taaka, badilisha mkono!" Akanijibu, "Piga picha, fundi, au nirudishie pesa yangu." Alikuwa hata hajalipa. Huyo peke yake alishika kwa kushoto.

Kama huyo wako ameshika kulia, mwanangu, ni mtoto wa watu wengine. Pole sana.

Mjomba wako,
Ojiambo Arthur


Tororo, 24 Machi 2024

Mjomba,

Salamu kwako na kwa Aunti. Ninakula, mwambie. Pole kwa kidole.

Nimeangalia tena. Ameshika kulia kabisa. Basi si yeye. Nilikuwa nimezoea kwenda kumsalimia kabla ya kengele, sasa nimeacha, naona aibu kumsalimia mtu nisiyemjua.

Usijisumbue kujibu upesi. Uwe na nafuu.

Mpwa wako,
Patricia


Busia, 5 Mei 2024

Apendi mwanangu,

Salamu nyingi. Nimerudi kutoka hospitali. Mguu wameukata chini ya goti. Usilie, ulikuwa umeshanichosha.

Mtu akilala sana anasoma hata karatasi za sukari. Nimesoma tena barua yako ya kwanza. Umeandika ndege inaelekea kulia. Apendi, ndege yangu haijawahi kuelekea kulia! Niliichora pua ikielekea kushoto, upande wa dirisha, ili mwanga uiguse. Waliotengeneza kitabu waligeuza filamu, wakaiweka upande wa pili. Hata mimi mwanafunzi wangu alinifanyia hivyo, vifungo vya padri vikahamia upande wa kike, nikatukanwa kanisani.

Kama ndege imegeuka, na mkono umegeuka. Kitabuni watu wangu wote wangeonekana mashoto. Anayeonekana kushika kulia ndiye mashoto. Ni Taaka. Ni mama yako.

Nilipaswa kuona hili mara ya kwanza. Mwombe mwalimu huo ukurasa, hata kwa siku moja, unitumie nimwone. Kila boda ikisimama nje namwambia Phiona atazame.

Mjomba wako,
Ojiambo


Tororo, 9 Juni 2024

Mjomba,

Salamu. Pole kwa mguu. Barua yako ilifika tukiwa likizoni, ikakaa ofisini. Nyumbani kwa Baba jina la mama halitajwi, kwa hiyo hata kama ningeipata huko nisingekuwa na wa kumwonyesha. Nimepewa Jumatatu iliyopita.

Paa la maktaba lilivuja mwezi wa tano na kile kitabu kikalowa mgongo. Muhula ulipoanza wanafunzi walihitaji karatasi za kuvalisha madaftari. Unajua karatasi ngumu ya kung'aa inavyogombaniwa. Madam Asekenye, mwalimu wa maktaba, akasema nikikate niwagawie kidato cha kwanza. Nilikata kwa rula, kurasa zote. Hata ule. Nilidhani si wetu.

Baada ya kusoma barua yako nilipita kidato cha kwanza dawati kwa dawati. Mmoja wao, Edimu, akaniuliza, "Dada Maktaba, unatafuta chawa kwenye vitabu vyetu?" Wote wakacheka. Daftari lake la Jiografia lilikuwa na picha ya pikipiki. Pikipiki hiyo ilikuwa nyuma ya ukurasa wa mama. Yeye alipenda pikipiki, akaigeuzia nje. Mama alikuwa ndani, amebandikwa kwenye jalada kwa uji wa muhogo.

Nilimwomba, akanipa. Nililowesha kwa maji, nikabandua polepole. Sehemu ya juu ilitoka vipande vipande vyeupe. Uso ulibaki kwenye jalada, na jalada likawa uji. Umebaki mkono na redio, na pua ya ndege.

Nimejaribu kumkumbuka. Nilimtazama asubuhi nyingi, lakini kinachokuja ni yale tu niliyokuandikia: hacheki, anakaribia kucheka. Pua yake sijui. Macho sijui.

Mkono na redio nimeviweka humu, ni vyako. Ukivitazama kwenye kioo utaona kushoto.

Halafu nikatafuta jalada gumu na karatasi ya kaki, nikamtengenezea Edimu daftari lake upya, nikaandika jina lake na somo. Akaniuliza pikipiki yake iko wapi. Nikamwambia imelowa. Kengele ikalia, nikaenda kujisomea prepu.

Mpwa wako,
Apendi wa Taaka