Redio ya Mama

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kasulu tunaendelea, ingawa babu yako bado anakohoa. Umeuliza uninunulie simu gani.

Nilipokuwa msichana, mama yangu, aliyekuwa mjane, alinunua redio. Akaniomba, "Nionyeshe kutafuta stesheni."

"Lete, nikufungulie," nikamjibu. Ikawa hivyo kila siku, kwa haraka zangu.

Nikaolewa Kibondo. Niliporudi kumsalimia, niliikuta redio imefunikwa kitambaa, betri mpya zimo ndani.

"Tangu uondoke sijaisikia," alisema.

Nilimfundisha siku hiyohiyo, naye akaweza. Lakini hakumaliza mwezi, akafariki.

Nunua simu yoyote, mama. Ila uilete mwenyewe, ukae nami, uniache nibonyeze mimi, hata nikikosea.

Ni mimi bibi yako,
Yustina