Baba Alipoacha Kukutafuta Kwenye Televisheni

Kaka yangu Mutua,

Sina anwani yako, ndiyo sababu barua hii iko wazi. Aisome yeyote anayetaka. Labda mmoja wa watakaoisoma amewahi kufanya kazi na wewe au kulala chumba kimoja na wewe, na atakuambia kuna dada yako anakuulizia. Nimeianza mara nyingi nikaichana. Kila nikikaa naona kama nimeacha kitu kwenye jiko, nasimama, naenda kuangalia, hakuna kitu, narudi. Leo nimeamua kuandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya kabati.

Unakumbuka Mwalimu wa Riruta, yule aliyekuwa na televisheni? Jumamosi jioni ulikuwa unanishika mkono tunatoka Kawangware kwa miguu, tunasimama nje ya dirisha lake pamoja na watoto wengine. Mimi nilikuwa mfupi, basi ulinipandisha mabegani, na mimi ndiye niliyekuwa nakuambia kinachoendelea ndani. Mke wake akichoka na sisi alivuta pazia. Wewe hukukasirika hata siku moja. Njiani ulinimalizia hadithi kama ulivyotaka wewe, na mpaka leo sijui zile hadithi ziliishaje kweli. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma pia, kwa penseli ya seremala, juu ya vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kibanda cha Baba. Nilipoanza shule nilikuwa nashangaa wenzangu wanaandika kwenye karatasi.

Siku uliyoondoka nilikuwepo. Nilikuwa nafagia maranda. Ulikuwa umekata mlango wa kanisa ukawa mfupi, na wazee wa kanisa walikuwa wamesimama pale wakingoja. Baba alipima, akapima tena, kisha akakupiga na ile rula ya mbao mbele yao wote. Uliweka randa chini polepole, ukavua aproni, ukasema, "Nitarudi nikiwa na kazi yangu mwenyewe, Baba."

Baba akasema, "Nenda."

Tulidhani utarudi jioni. Mama alikuwekea chakula.

Mwaka mmoja baadaye, Baba alipeleka kabati la vitabu kwa Mwalimu yule yule wa Riruta. Alipokuwa analitia milango, taarifa ya habari ilikuwa inaendelea. Walionyesha mahali fulani waziri akifungua daraja, watu wamejaa nyuma yake. Baba anasema alikuona. Ulikuwa umesimama nyuma kabisa, na ukajikuna shingo kwa mkono wa kushoto, vile unavyofanya ukiona haya. Picha ikapita. Alirudi nyumbani akiwa ameacha bisibisi yake huko, Baba ambaye hakuwahi kuacha hata msumari.

"Nimemwona Mutua," alimwambia Mama.

"Wapi?"

"Kwa televisheni."

Mama alimtazama sana. Alikuwa ametoka Lavington kufua nguo za watu, mikono yake ilikuwa bado imekunjamana kwa maji. Alisema, "Sawa," kama mtu anayemjibu mgonjwa.

Hivyo ndivyo televisheni ilivyoingia kwetu. Kulikuwa na duka mjini lililokuwa likikodisha kwa mwezi, na Baba akaenda akakodi ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, inayotumia betri ya gari. Wewe unakijua kile chumba chetu. Iliwekwa pale kitanda chako kilipokuwa. Betri ikiisha nguvu nilisaidia kuisukuma kwenye toroli mpaka stesheni ya petroli ikachajiwe, na asidi ilinitoboa sketi mbili. Majirani tuliopanga nao kwenye ploti walianza kuja. Mama Wanjiku mwenye ploti alikuja na kiti chake mwenyewe. Watu walikuja kwa ajili ya mieleka, kwa ajili ya michezo ya kuchekesha, na Baba aliwaacha waangalie wanachotaka. Lakini taarifa ya habari ikianza, alisimama, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Mkubwa akihutubia, Baba hakumtazama. Alimtazama aliye nyuma yake, na aliye nyuma ya huyo. Sikukuu za kitaifa, wakati uwanja unajaa watu, alikataa hata kula.

"Mzee, tutolee kichwa," watu walimwambia mwanzoni. Baadaye walijua, wakanyamaza.

Sasa nikuambie sehemu inayonisumbua. Nilifanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, nikapita, nikaitwa sekondari. Mama aliisoma ile barua ya shule kwa kuniambia nimsomee mara tatu. Kazi ya Baba ilikuwa imepungua, kwa sababu watu walikuwa wameanza kununua vitanda vya chuma. Ilikuwa lazima kitu kiondoke ndani ya nyumba karo ipatikane. Tulikuwa tumekwisha acha nyama, tumekwisha acha sukari siku za kazi. Hakukuwa na kitu kingine kilichobaki isipokuwa kile kilichokaa mahali pa kitanda chako.

Mama alingoja mpaka majirani walipotoka. Alisema, "Baba Mutua, hiyo kitu irudi dukani."

Baba alikuwa anafuta kioo kwa kitambaa. "Siku nitakayoirudisha ndiyo siku atakayopita."

"Yule aliyeenda unamtafuta kila siku," Mama alisema. "Huyu aliye hapa utamtafuta lini?"

Mimi nilikuwa nimelala nyuma ya pazia, na nilitamani kusema sitaki shule. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nilikuwa naitaka shule, kaka. Na wewe pia nilikutaka. Sikujua mtu anawezaje kuambiwa achague mambo mawili kama hayo, nikaufunga tena mdomo.

Mtu wa duka alikuja na pikapu jioni ya mwisho wa mwezi. Alikuwa kijana mpole wa Kiluhya. Alichomoa antena, akaanza kukunja waya, na Baba akamwambia, "Kijana, taarifa ya habari bado kidogo tu. Kaa unywe chai."

Yule kijana alitazama saa, akamtazama Baba. Akarudisha waya. Alikaa juu ya debe, akanywa chai, akatazama taarifa yote na sisi. Hukuwepo. Taarifa ilipoisha Baba mwenyewe ndiye aliyeizima, akaifunga kwa blanketi yake, akaibeba mpaka kwenye pikapu. Kijana alimwambia blanketi si ya duka. Baba akasema ataifuata. Hakuifuata.

Baada ya hapo nyumba haikukalika. Ule wakati wa taarifa ulipofika, Baba alikuwa anasimama mwenyewe tu katikati ya chumba, halafu anatafuta sababu. Anapima mlango. Anaangalia kama mvua inakuja. Anatoka mpaka barabarani, anarudi, anatoka tena. Mama alimwambia akae, na yeye akasema amekaa, huku amesimama. Kisha akaanza kupotea kabisa. Akifunga kibanda hakuja nyumbani, alikuja giza likiwa limeshaingia, viatu vimejaa vumbi jekundu. Mama alimnusa akidhani ni chang'aa. Hakukuwa na harufu. Ndipo akaanza kudhani ni mwanamke, na hilo hakulisema kwa mdomo, lakini alikuwa anaosha sufuria ile ile mara mbili.

Jumamosi moja akaniambia, "Enda na baba yako popote anapoenda. Usimwulize, enda tu."

Nilimfuata mpaka Dagoretti Corner ndipo akageuka. Nilifikiri atanifukuza. Alisema tu, "Tembea upande wa ndani, magari ni mengi."

Tulitembea kufuata Ngong Road, tukakata kupitia mtaa wa Ayany mpaka tukaingia Kibera. Njiani nilielewa. Kila alipoona kibanda cha seremala alisimama, akasalimia, akauliza kama wamewahi kuwa na kijana Mkamba, mrefu, anayetumia mkono wa kushoto. Walimwambia hapana. Alishukuru akaenda kwa mwingine. Alikuwa ameshamaliza Riruta, ameshamaliza Kangemi. Hakuwa na televisheni, basi alikuwa anakwenda kuwatazama watu mmoja mmoja.

Jua lilikuwa kali na mimi nilichoka, akaniingiza kwenye hoteli ndogo ya mama mmoja Mnubi aitwaye Mama Zainabu, tupate chai. Tulikaa kwenye benchi. Baba alipitisha mkono chini yake, kama anavyofanya kila mahali, wewe unamjua. Mkono ukasimama pale mguu unapoingia kwenye ubao, kwenye kiungo kilichokatwa vile alivyokufundisha wewe. Alininyanyua mimi, akamnyanyua mzee mmoja aliyekuwa anakula mahamri, akalipindua benchi miguu juu mbele ya wateja wote.

Mama Zainabu alitoka jikoni na mwiko. "Mzee, umepoteza nini chini ya benchi langu?"

"Nani alitengeneza hii?"

"Kwani imekuumiza?"

"Nani, mama?"

Akamtazama vizuri, akashusha mwiko. "Kijana aliyekuwa akikaa chumba cha nyuma hapa. Mutua. Alikaa kwangu miaka miwili. Hana maneno mengi, lakini kazi yake unaiona."

Kaka, Baba alikaa chini kwenye udongo. Hakulia. Alishika mguu wa benchi kwa mikono miwili.

"Miaka miwili hapa?" aliuliza. "Hapa Kibera?"

"Hapa hapa. Ameondoka juzijuzi tu, amefuata mkandarasi mmoja upande wa Magharibi, wanajenga nyumba za wafanyakazi. Alikuwa akisema baba yake ni fundi Kawangware. Nikamwambia, Kawangware si ni hapo tu, kwa nini huendi? Akasema ataenda, ataenda, bado anatengeneza vyombo vyake vya kazi."

Ni mwendo wa asubuhi moja tu. Tulikuwa tumeketi jioni zote hizo tukikutafuta kwenye madaraja na viwanja vya nchi nzima, nawe ulikuwa hapo ng'ambo ya Ngong Road ukipiga randa. Sikulaumu. Nakuambia kwa sababu nadhani ungependa kujua kwamba siku hizo zote, wakati ulidhani umesahauliwa, kulikuwa na mzee aliyebandika pua kwenye kioo.

Baba aliuliza kama anaweza kulirekebisha lile benchi. Mama Zainabu akasema, "Halijalegea popote."

"Najua," Baba alisema. Akalipapasa pale miguu inapoingia kwenye ubao. "Amejua kazi. Mumbua, njoo uone, ndugu yako amejua kazi."

Mama alipoambiwa alikuwa anasonga ugali. Aliendelea kusonga mpaka ukashikana na sufuria. Kisha aliuliza, "Alikuwa anakula nini?" Baba hakujua. Kesho yake, Jumapili, Mama hakwenda kanisani. Alifunga kitambaa chake kizuri cha kichwa, akaenda Kibera peke yake, akakaa juu ya benchi lile siku nzima akizungumza na Mama Zainabu. Aliporudi alijua kwamba ulipenda maharagwe bado, kwamba ulikuwa umeugua malaria mara moja na nani alikuuguza, kwamba ulikuwa na koti la kijivu. Mimi na Baba hatukufikiria kuuliza hata moja kati ya hayo.

Baba alikufuata huko Magharibi nilipofunga muhula wa kwanza. Alikuta nyumba zimekwisha, mkandarasi amehama, mafundi wametawanyika, wengine Kisumu, wengine wakasema Uganda. Alirudi amekonda. Tangu hapo hakutembea tena jioni, ila hata akiwa amekaa, mguu wake mmoja hautulii.

Ni miaka mingi sasa. Mimi nilimaliza sekondari, nafanya kazi ya kuchapa kwenye ofisi moja mjini. Ningeweza kununua televisheni ya rangi. Maduka yamejaa. Mwenzangu wa ofisini ameniuliza mara kadhaa kwa nini sina, nami namwambia nitanunua. Naogopa. Najua nitakachofanya nikiiwasha. Tayari nafanya hivyo mitaani. Nikimwona mwanaume mrefu kwa nyuma naongeza mwendo mpaka nimpite, nageuka, naona uso wa mtu mwingine, naomba radhi. Nimechoka kuomba radhi kwa wageni.

Lakini sababu ya kuandika leo ni hii. Mama Wanjiku amefariki, na wanawe wanabomoa vyumba vyote vya mbao wajenge ghorofa. Tunahama mwisho wa mwezi huu. Baba na Mama wanarudi Machakos kabisa, macho ya Baba hayaoni tena mstari wa msumeno. Mama hajalala vizuri tangu tuambiwe. Si kwa ajili ya chumba, chumba kinavuja. Anasema, "Akija atapiga hodi wapi?"

Kwa hiyo nisikilize. Ukifika Kawangware ukute pamekuwa ghorofa, usigeuke. Muulize yeyote wa watoto wa Mama Wanjiku, wote wanajua pa kukuelekeza. Ukipita Kibera, nimeacha maneno kwa Mama Zainabu. Kama unamwogopa Baba, njoo kwanza kwangu. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Kama vyombo havijatimia njoo hivyo hivyo, na kama una mke na watoto njoo nao, Mama ameshahesabu pa kuwalaza.

Nilimuuliza Mama kama ana neno la kuweka humu. Alifikiri mpaka nikadhani amelala. Akasema nikuambie uende Machakos mchana, usiende usiku, kwa sababu mbwa wa kule hawakujui bado.

Nakuaga hapa, maana nimeanza tena kutazama mlango.

Ni mimi dada yako mdogo,
Mumbua